Chetezo cha Udi na Kipimo cha Hewa

Kwanza nitenge niliyoyasikia na niliyoyaona. Nilisikia kwamba moshi wa mama anayekaanga samaki kando ya barabara, hapa mtaani kwetu Temeke, unawakohoza watoto wa mwenye duka aliye ng'ambo ya pili ya barabara. Mtoto akikohoa sikumwona. Nilichokiona ni mwenyekiti wa mtaa akimwambia mama huyo, mbele yangu, kwamba madai yakithibitika ataliondoa jiko lake. Jiko hilo ndilo linalomlisha.

"Atathibitisha nani?" nilimuuliza mwenyekiti. Akakuna kidevu. Basi nikamwita mjukuu wangu, anayesomea mazingira, aje na kifaa cha chuoni kwao: kisanduku cha kubeba mkononi, kinachovuta hewa kwa pampu ndogo na kuonyesha papo hapo kiasi cha vumbi laini lililomo.

Alifika Jumamosi alasiri, na mwenyekiti na wahusika wote wawili wakaja kushuhudia. Mke wangu, ambaye hajapata kupokea mgeni katika nyumba isiyonukia, alikuwa ameshafukiza udi sebule nzima. Mjukuu akakiwasha kifaa mezani ili akijaribu. Tarakimu zikapanda, zikazidi kupanda, hatimaye kisanduku kikaanza kupiga kelele.

Mwenye duka, aliyekuwa akichungulia dirishani, akapaza sauti: "Mmeona! Moshi wa samaki umeingia mpaka sebuleni kwa mzee!"

"Moshi gani, baba?" mama wa samaki akamjibu kutoka barazani. "Jiko langu hata kiberiti halijaona. Mie hapa bado napaa samaki!"

Sote tukakigeukia chetezo kilichokuwa bado kikifuka udi pembeni, kisha tukamgeukia mke wangu.

"Msinitazame hivyo. Hiyo ni heshima ya mgeni."

"Bibi, mgeni mwenyewe si ndo mie? Utaniua kwa heshima!"

Mwenyekiti alicheka hadi akavua miwani. Nami nilicheka, jambo ambalo mke wangu hulisimulia kama muujiza.

Baada ya hapo nilitaka kazi ifanywe inavyostahili. Kifaa kilipelekwa uani hadi tarakimu ziliposhuka. Tulipima kwenye mlango wa duka kabla jiko halijawashwa, tukapima tena mahali pale pale mafuta yakichemka. Kwa kuwa upepo wa siku moja si ushahidi wa kutosha, tulirudia siku ulipovuma kuelekea dukani. Tarakimu nilizisoma mwenyewe. Mlangoni pale tofauti ilikuwa ndogo mno. Ziliruka tu tulipokisogeza kifaa karibu na kikaango, pale anapoinamia mama mwenyewe.

"Kumbe mwenye kuumia ni mie!" alisema, akajifuta macho kwa upande wa kanga.

Mwenyekiti akaamua jiko libaki, ila liwekewe bomba la bati la kupandisha moshi juu. Fundi alipokuja kulifunga, aliyemshikia ngazi alikuwa mwenye duka.

Naambiwa kwamba siku hizi wateja humfuata mama huyo hata kutoka Mabibo. Sijawaona. Ninaloweza kulitolea ushahidi ni kwamba jana jioni jiko lilikuwa pale pale, moshi ukitokea juu ya paa, na mwenye duka alinitangulia kwenye foleni, akachukua kibua kikubwa kuliko vyote.