Sikio la Fundi

Fundi wetu wa magari hajawahi kusema injini imeharibika. Kwake injini huumwa: hukohoa, hupandwa na homa, hushikwa na kwikwi. Hugusisha ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni, macho kafumba, kisha hututuliza wenye magari, "Msijali, huyu atapona." Nasi hushusha pumzi. Leo mkewe alikuja gereji na bahasha ya hospitali. "Wamesema ni moyo," alimwambia. "Mapigo hayaendi sawa." Fundi alifuta mikono, kidole kimoja kimoja, akaitazama ile bisibisi, akaiweka chini. Mbele yetu sote akainamisha sikio kifuani kwa mkewe. "Unasikia nini, baba watoto?" Aliinua mkono tu, akatuashiria tuzime magari yote.