Kumfuata Ruqaya Japani

Nilikwenda Japani kumrudisha mwanangu nyumbani. Ruqaya alikuwa amemaliza masomo yake ya misitu huko, nasi hapa Al Khoudh, Maskati, tulikwisha kukipaka rangi chumba chake, ndipo akapiga simu kusema kapata kazi ya kutunza msitu huko huko mlimani, na anaitaka. Baba yake akakifunga kile chumba kwa ufunguo. Nikamwambia, "Nikatie tikti. Tukionana uso kwa uso atanisikia."

Tangu uwanja wa ndege wa Maskati nilikuwa nikiyapanga maneno yangu. Angani nikayapanga upya.

Osaka nilishuka asubuhi. Ruqaya akanipokea, akanibusu mkono, akanishikia sanduku, tukapanda treni. Watu tele, na hakuna anayesema! Mimi niliyezoea soko la Matrah nikajikuta nanong'ona.

"Kwani kuna msiba?"

"Hapana, mama," akajibu akizuia kicheko. "Ndiyo adabu yao."

Kijijini tulifika adhuhuri, kwa Bi Haruko, mjane aliyempangisha Ruqaya chumba. Akaniinamia mlangoni. Nikainama. Akainama tena, chini zaidi. Sasa mimi mtoto wa Unguja nishindwe kwa maamkizi? Kwetu mtu huulizwa hali yake, ya watoto, ya jirani, mpaka ya mbuzi. Tukaendelea hivyo hadi kiuno kikaniuma, Ruqaya akatushika mabega wote wawili: "Basi jamani, mmeshaamkiana!"

Viatu huvuliwa mlangoni kama kwetu, nami nikajiona mwenyeji. Kumbe zipo ndara za ndani, na nyengine za chooni peke yake. Nikatoka nazo za chooni hadi sebuleni, nikakaa na heshima zangu zote. Bi Haruko akanitazama miguu, akageuza uso, halafu akashindwa. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa aproni. Nikacheka naye, na tangu hapo hatukumhitaji sana mkalimani.

Asubuhi ya pili Ruqaya alinipeleka msituni. Yalikuwa majira ya majani kugeuka, mlima umewaka wekundu na manjano. Kila mti aliupapasa gome, akanitajia jina lake, huu una ugonjwa, ule umepona. Mara mvua ikaanza, ya taratibu, tukajibanza kwenye kibanda cha mbao. Harufu ya udongo ulioloa ikanijaa kifuani. Maskati mvua ni mgeni. Hii ilikuwa mvua ya utotoni mwangu, iliyokuwa ikipiga paa la jikoni huku mama akikoroga uji, nasi watoto tumekaa karibu na moto tukigombea mwiko.

"Nilipokwenda Oman kuolewa nilikuwa na umri wako huu," nikamwambia. "Bibi yako alinifungia vitumbua vya njiani, akasimama mlangoni."

"Hakukuzuia?"

"Hata. Alisema, 'Nenda mwanangu, Mungu yuko kila pahala.'"

"Alilia?"

"Sijui. Sikugeuka nyuma."

Yale maneno niliyoyapanga tangu Maskati yalinifika mdomoni, yakakataa kutoka. Nikamtazama miguu.

"Hiyo kazi yako, watakupa buti za maana? Baridi hii itakuua vidole."

Akanikumbatia, akanibana hata pumzi ikaniwia shida.

Siku ya kuondoka Bi Haruko alinifungia matonge ya wali, akasema jambo kwa sauti ndogo.

"Anasema nyumba yake ilikuwa kimya sana kabla sijaja," Ruqaya akafasiri. "Anakushukuru kwa kunizaa."

"Mwambie simpi. Namuazima tu."

Bi Haruko aliposikia, akaniinamia. Safari hii nilimwacha ashinde.

Uwanjani Maskati, baba yake Ruqaya alikuwa akitungoja. Akatazama nyuma yangu.

"Yuko wapi mtoto?"

"Yuko kazini kwake."

Akabeba sanduku hadi garini. Tulipokwisha kuingia barabara kuu akauliza, "Ana raha lakini?"

"Anayo. Na miti yote inamjua."

Hapo ndipo nikalia. Akaniwekea mkono begani, akasema, "Mtoto atarudi, inshallah."

"Simlilii mtoto," nikamwambia. "Namlilia mama yangu. Miaka yote hii nilidhani siku ile naondoka Unguja alisimama tu mlangoni."