Jogoo wa Sehemu ya Tisa

Nilichinja jogoo kwa heshima ya kitabu cha katuni ambacho nilikuwa bado sijakisoma. Naliweka kosa hilo hapa juu kabisa, msomaji asije akadhani anasoma habari za mtu mwenye akili zake zote. Huku kwetu Isingiro jogoo huchinjiwa mkwe, au padri, au ndugu aliyepotelea Uganda miaka mingi akarudi amevaa viatu vipya. Mimi nilimchinjia fundi baiskeli wa kuchorwa.

Mke wangu aliponiona na kisu aliuliza nani anakuja. Nikamwambia Sehemu ya Tisa imefika.

"Jogoo wangu alikuwa na kazi hapa," akasema. "Hicho kitabu kina kazi gani?"

Fundi mwenyewe ni mwanamke mwenye mwanya mpana na grisi mpaka kwenye viwiko. Kibanda chake kiko kwenye soko la mpakani. Mchoraji hakulitaja, lakini sisi tuliapa ni Murongo, maana hata bodaboda waliochorwa pale wamejipanga ovyo vilevile. Katika sehemu nane za mwanzo hakuna tapeli aliyempita salama, hasa mlanguzi mmoja wa kahawa mwenye mizani ya uongo. Fundi hakuwa na bunduki wala uchawi. Alikuwa mbishi tu. Nampenda mtu mbishi, pengine kwa sababu mimi nikiambiwa kesho twende msibani Kituntu, naanza kujipapasa kutafuta homa.

Sikuwa nasoma peke yangu. Kibanja changu, yaani shamba la migomba lililozunguka nyumba, kimepakana na cha bibi mmoja aliyekuja kutoka Rwanda akiwa binti. Shule hakwenda, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Jioni alikuwa akija na ndizi zake za kumenya. Mimi nasoma, panapomshinda nageuza kwa Kinyambo, yeye anatazama picha na kugombana na watu waliomo. Mlanguzi wa kahawa alishatukanwa matusi ambayo padri wetu hayajui. Mimi aliniita msomi, kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne, na alilitamka neno hilo kama mtu anayemfukuza mbuzi kwenye maharage.

Basi siku hiyo dereva wa bodaboda akaniletea kitabu kutoka Murongo, jogoo akaliwa, tukanawa mikono, nikafunua ukurasa wa kwanza.

Fundi ameketi kwenye kochi.

Kochi lenyewe lina vitambaa vya kufuma. Mwanya umezibwa. Mikono misafi kama ya karani. Mlanguzi wa kahawa, ambaye sasa ni mumewe, anamweleza jinsi ya kukaza mnyororo wa baiskeli, naye anatabasamu. Ukurasa wa pili bado ameketi. Nikachungulia wa mwisho: ameketi.

Nikaamua kudanganya. Palipoandikwa kwamba mume ndiye akili yake, nikasoma kwa sauti, "Fundi akapata habari kuwa mlanguzi amerudi. Akachukua spana, akatoka mbio."

Bibi akaacha kumenya. Akaweka kidole chenye utomvu wa ndizi juu ya picha.

"Anatoka mbio akiwa amekaa?"

"Hapa ndiyo anajiandaa, bibi."

"Na huyu si yule mwizi wa mizani? Mbona amemshika bega?"

"Anamzuia."

"Msomi. Herufi sizijui, lakini macho ninayo. Soma kilichoandikwa."

Nikasoma kilichoandikwa, chote, hadi pale Fundi anapouza kibanda na kushukuru. Bibi alikusanya maganda yake polepole.

"Kama siku hizi yuko hivyo, mimi nabaki kwangu," akasema. "Watu wa kukaa ninao wa kutosha." Alisema hivyo akinitazama mimi, wala sikuhitaji mkalimani.

Jioni iliyofuata hakuja. Zikapita jioni nyingine. Nikawa namsikia ng'ambo ya migomba akizungumza na mbuzi wake, na niliwaonea wivu mbuzi. Nilikirudia kile kitabu nikitafuta mahali pa kukisamehe, sikupaona. Ndipo nilipokasirika, hasira ya mtu wa nyumbani, isiyokwenda popote lakini haipoi. Nikamwambia mke wangu kwamba sehemu ile siitambui. Ya tisa nitaichora mwenyewe.

"Wewe uliyechora ramani ya Afrika shuleni ikatoka muhogo?"

"Huyohuyo."

Nikabandua kalenda za zamani ukutani, nikaanza nyuma yake kwa kalamu ya wino. Mwanya niliupata mara ya kwanza, nikafurahi peke yangu. Mikono ilinishinda kabisa. Nikagundua kwamba mtu akisimama nyuma ya mgomba mikono haionekani, na mgomba ni mistari miwili tu, hivyo soko zima la mpakani likahamia kwenye migomba. Wateja wote wanachungulia. Baiskeli niliiazima kwa yule dereva wa bodaboda, ile aliyokuwa nayo kabla hajapata pikipiki, nikaiegemeza ukutani, nikaitazama hadi ikaanza kunitazama, bado haikukubali kukaa kwenye karatasi. Nikachana, nikaanza upya. Mke wangu alipalilia peke yake na hakuacha kulitaja hilo. Dereva alitaka baiskeli yake. Nikachana tena, nikaanza tena.

Katika ya tisa yangu mlanguzi anamletea Fundi lile kochi kama zawadi, ili naye amwachie kibanda. Fundi anamshukuru vizuri, analipasua palepale mbele yake, na springi zake anatengenezea viti vya baiskeli za soko zima. Mlanguzi anarudi kwao kwa miguu. Sina maelezo marefu zaidi ya hayo, na sikuona sababu ya kuyatafuta.

Karatasi zilipotimia nilivaa viatu, jambo ambalo mke wangu aliacha jembe kulishuhudia, nikavuka kwenda kwa bibi. Nilimkuta anaanika kahawa kwenye mkeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umepotea njia?"

Nikamwambia nimemletea ya tisa, ile ya kweli. Hakucheka. Alifuta mikono kwenye kanga, akaipokea karatasi ya kwanza, akaisogeza mbali na macho, akaigeuza juu chini, akairudisha. Aliangalia muda mrefu kuliko alivyowahi kuangalia picha yoyote ya vile vitabu. Nilisimama wima kama mtahiniwa. Kisha akasukuma kahawa pembeni, akaketi kwenye kona ya mkeka, akanionyesha mahali pa kukaa, akasema:

"Hiyo si baiskeli, ni miwani. Soma."