Kitambaa Kilichokawia Kurudi

Mwezi uliopita nilikwenda dukani, mjini Tanga, kununua zawadi ya kichenpati ya binti wa mfanyakazi mwenzangu. Nikachagua seti ya vikombe. Kijana wa dukani akaniuliza kama nataka nifungiwe, nikamwambia funga. Akakata karatasi ya kung'aa yenye mioyo myekundu, akaizungusha, akabandika selotepu huku na huku, akapachika ua la plastiki juu, akanikabidhi. Sikuwa nimewahi hata kuirudisha pochi kwenye mkoba. Nisikufiche, mwenzangu, nilikasirika, na kijana wa watu hakuwa amenikosea kitu. Nilikasirika kwa sababu nilimkumbuka Bibi, na mimi nikimkumbuka Bibi huwa sibaki na furaha kwa muda mrefu.

Bibi mzaa mama ndiye aliyenilea, kule Tongoni, kwenye nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti. Kijiji kizima kilimjua kwa kazi mbili. Ya kwanza ni kufunga zawadi. Ya pili ni kuosha maiti wa kike na kuwakatia sanda. Usishangae. Kwake yeye kazi hizo hazikuwa mbali. Zote zilitaka mikono safi, nguo iliyokunjwa vizuri, na fundo linaloshika njiani lakini likifika mwisho wa safari linafunguka bila kuvutwa kwa meno.

Ungemwona anavyofunga! Vitumbua na mikate ya kumimina alivifunga kwa jani la mgomba, kwanza akilibabua juu ya moto mpaka lilegee na kutoa ile harufu inayomfanya mtu ameze mate. Sahani alizipanga ndani ya kanga, akazikutanisha ncha zake nne juu, halafu ule mkutano wa ncha akaugeuza kuwa ua. Udi aliutia kwenye kifuu kilichosuguliwa mpaka kikang'aa, akakifunika kwa kifuu kingine, akavifunga pamoja kwa kamba ya usumba wa nazi. Karatasi za ndani za mifuko ya saruji alizikung'uta, akazipiga pasi ya mkaa, akazifungia misahafu ya watoto waliohitimu chuo cha Kurani. Kila fundo alilichomekea asumini au kijiti cha rehani. Alikuwa akisema mtu aanze kufurahi kwa pua kabla hajafurahi kwa macho.

Mwalimu wetu wa darasa la tatu alipohamishwa, wazazi walichanga wakamnunulia jogoo, kisha wakamletea Bibi jogoo huyo amfunge. Mbona tulicheka! Bibi hakucheka. Alimsukia pakacha la makuti linalomtosha kiwiliwili, kichwa kikabaki nje, akamvisha shada la maua shingoni, na yule jogoo akapelekwa shuleni akiwa ametulia kuliko sisi. Hata jirani yetu Mlutheri, aliyekuja pwani kutoka kambi ya mkonge, kila ikikaribia Krismasi alileta vijizawadi vya wanawe, na Bibi alivifungia nyuzi za mkonge alizozitia rangi ya ukindu wa mikeka. Hakuna aliyeona ajabu.

Lakini zawadi kubwa, za harusi na za arubaini ya mtoto, zilifungwa kwa kitambaa. Na hapa ndipo penyewe. Kitambaa kilikuwa mali ya Bibi, hukuwa umepewa. Ukishafungua zawadi yako, unakifua, unakinyoosha, na fungate, zile siku saba, ikiisha unakirudisha, na hukirudishi kitupu. Unafungia sukari ndani yake, au ubani, au vibibi vya mchele viwili vitatu. Unapiga hodi, unamwamkia, unamkabidhi kwa mikono miwili. Kitambaa kikirudi, Bibi alijua kwamba kule kilikokwenda kuna salama. "Karatasi ni ya dukani," alikuwa akisema, "kitambaa kina kwao."

Chumbani kwake kulikuwa na masanduku mawili ya mbao yanayofanana, yaliyochongwa na babu. La kulia, upande wa kichwani mwa kitanda, lilikuwa la furaha: vitambaa, utepe, asumini zilizokaushwa. La kushoto, upande wa miguuni, lilikuwa la msiba: bafta nyeupe ya sanda, pamba, sindano, na kafuri iliyosagwa na kuviringwa kwenye nguo. Nilikatazwa kuligusa. Mtu wa pwani akisikia harufu ya kafuri hahitaji kuambiwa kitu, anauliza tu ni nani aliyefariki.

Mimi kazi yangu ilikuwa kumtungia uzi kwenye sindano. Kila mtoto Tongoni alimtungia uzi bibi yake, kwa hiyo hakuna aliyelipa jambo hilo maana. Wala mimi sikulipa. Niliona anapapasa kikombe kabla ya kukishika, nikadhani ndivyo wazee wanavyoshika vikombe. Macho yake yalikuwa yameanza kufa na hakumwambia mtu.

Mwaka huo masika yalikuja na hasira. Jirani yetu wa nyumba ya pili, mama mmoja ambaye yeye na Bibi waliitana somo, alikuwa anamwoza binti yake wa pekee. Binti huyo alikuwa akija kwetu kila siku kutwanga mpunga na kuimba, na mimi nilimpenda kama dada. Mama yake alimnunulia doti za kanga, kijaluba cha wanja na gauni la kulalia, akavileta kwa Bibi. "Nifungie hii mwenyewe, somo," alisema. "Hii ndiyo atakayoifungua kwanza."

Kabla Bibi hajaifunga, makuti yakavuja. Vijana wa jirani waliokuja kuziba wakaona maji yanadondokea sanduku la kulia. Wakafanya hisani, wakayabadilisha masanduku nafasi, wakaondoka bila kusema. Wangesema ili iweje? Mwenye nyumba ana macho, ataona. Mimi nilikuwa chuoni. Bibi alikuwa na mafua makali, pua zimeziba, hasikii harufu ya kitu. Akaingia chumbani, akanyoosha mkono upande wa kichwani mwa kitanda kama alivyozoea maisha yake yote, akatoa kitambaa cheupe, akaifunga zawadi ya mwari, yule binti wa somo yake. Asumini alizichuma mbichi mwenyewe uani, akazichomeka kwenye fundo, harufu yake ikafunika nyingine yoyote.

Siku ya kufungua zawadi nilikuwepo, nimekaa miguuni pa bibi harusi. Wanawake walijaa ukumbini, ngoma ikapumzishwa, mwari akawekewa lile furushi mapajani. Lilikuwa zuri kupita yote. Akavuta fundo, likafunguka kwa ulaini wake uleule. Punje nyeupe zikamdondokea kwenye gauni, na kipande cha pamba. Halafu harufu ya kafuri ikapanda. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, taratibu, "Inna lillahi." Mama wa mwari akapiga ukelele, akamnyakua bintiye mkono, akamtoa mle ndani.

Jioni ile alikuja kwetu. Bibi alikuwa hajaambiwa. Alimkaribisha kiti, mama yule hakukaa.

"Somo, mie nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, somo yangu. Kuna nini?"

"Mwanangu umfungie kwa nguo ya maiti? Na kafuri ndani yake? Umfungie sanda siku ya harusi yake?"

Nilimwona Bibi akigeuka, akaingia chumbani. Nilimsikia akifungua sanduku, akipapasa, akifungua la pili. Alipotoka uso wake ulikuwa umezeeka.

"Mkono wangu umefanya," alisema. "Niwie radhi, somo. Ni mkono."

"Mkono hauna macho. Macho yako yalikuwa wapi?"

Pale, mwenzangu, ndipo angeweza kusema. Neno moja tu, sioni, na mama yule angelia naye. Bibi hakulisema. Mama alisubiri, nakumbuka alisubiri kweli, kisha akasema, "Basi nimefahamu," akaondoka. Hakuikanyaga tena baraza yetu.

Nilipokuwa mkubwa kidogo nilimuuliza kwa nini hakusema. Mjomba wangu, mwanawe aliyekuwa akikaa Pongwe, alikuwa ameapa kwamba siku akisikia mama yake haoni atamchukua akakae kwake, na kule hakuwa na mtu anayemjua. Lakini hilo lilikuwa dogo. "Ningesema sioni," aliniambia, "wangeninyang'anya walio hai na waliokufa kwa siku moja. Ningebaki nafanya nini, mwanangu? Nasikiliza kuku?"

Basi walio hai wakamsusa. Bibi harusi alihamia kijiji cha Mkwaja na mumewe, na baada ya miezi kadhaa tukasikia mimba yake ya kwanza imetoka. Watu wakatazamana. Wakakumbuka kwamba macho ya Bibi ni mekundu kama ya mchawi, wakasahau kwamba alipikia kuni zenye moshi tangu utoto. Mama mmoja kisimani alinipokonya ndoo yake niliyomshikia, akaisuuza mara mbili mbele yangu. Zawadi zikaacha kuja. Jirani Mlutheri peke yake ndiye aliyeendelea kuleta za watoto wake, mpaka naye akahama.

Ila maiti hawakukoma kuja. Hao hakuna aliyetaka kuwashika, kwa hiyo Bibi aliitwa kama kawaida. Mlango wa uani, si wa mbele. Aliwaosha kwa mikono yake isiyokosea, akawakatia, akawafunga, akarudi nyumbani na kukaa barazani. Walimwona mchawi wa harusi, na msibani wakamwona wa lazima. Mpaka leo wengi wao bado wako hai, nawaamkia shikamoo kwa adabu.

Vitambaa vyote vilikuwa vimerudi isipokuwa kile. Fungate iliisha, Bibi akafagia baraza na kukaa. Hakikuja. Masika yakapita, na vuli, na masika mengine. Kila hodi aliyoisikia aliinua kichwa. "Hebu tazama, si yule mwari?" Naenda kutazama, ni muuza dagaa. "Labda amekitupa," nilimwambia siku moja, nimechoka. Akanijibu kwa ukali ambao hakuwa nao: "Kitambaa hakitupwi. Anakifua." Alikuwa akijua kwamba kikirudi amesamehewa, na kisiporudi hajasamehewa, na hakuwa na kipimo kingine.

Hatimaye macho yakajisema yenyewe. Mboni ziligeuka nyeupe kabisa, akajikwaa kwenye kinu, akavunjika nyonga. Muuguzi wa zahanati aliyekuja kumtazama aliinua kope zake mbele ya watu akasema huyu mzee ana miaka mingi haoni. Maneno hayo yalitembea. Mama wa mwari aliyasikia uani kwake. Sijui alisema nini, ila siku ya pili alituma uji kwa mkono wa mtu mwingine, na Bibi akaunywa bila kuuliza umetoka wapi. Mjomba alikuja kutoka Pongwe kumchukua, akakuta hachukuliki. Alikufa alfajiri ya siku ya mvua.

Asubuhi ile, wanawake wakiwa wanakata sanda yake, tukasikia hodi mlango wa mbele. Alikuwa ni yeye, yule mwari. Alikuwa ametoka Mkwaja, akavuka mto Pangani kwa kivuko, njia imegeuka tope, akakwama kijiji kimoja mpaka kukucha. Kanga zimemlowa, miguu matope mpaka magotini. Alikuwa amesikia kwamba Bibi anaumwa na kwamba Bibi haoni, hakuwa amesikia zaidi ya hapo. Akatoa kikapuni furushi jeupe. Bafta ilikuwa imefuliwa kwa buluu, imepigwa pasi, imefungwa kwa fundo la Bibi lenyewe, ameliiga kwa kulikumbuka. Kwenye fundo kulikuwa na asumini zilizosinyaa.

"Nimekuja kumrudishia," alisema. "Naomba nimpe mwenyewe."

Mama yake mwenyewe alikuwa mle ndani, ameshika ncha moja ya sanda. Ndiye aliyemjibu, "Umekawia, mwanangu. Sote tumekawia." Akaketi chini kwenye mkeka na kulia kwa sauti, mtu mzima yule, na bintiye akabaki amesimama na furushi lake kwenye mikono miwili, kama inavyotakiwa.

Muoshaji alilipokea. Ndani mlikuwa na sukari. Akaimimina kwenye bakuli, akakunjua bafta, akamkatia Bibi ushungi wake. Kwa hiyo kitambaa kilirudi kwao, kikaingia naye kaburini, na yeye hakujua. Watu huniambia kwamba maiti anajua. Mimi sijui, na sitaki kudanganywa. Najua tu kwamba alikisubiri akiwa hai. Ile sukari ilitiwa kwenye chai ya matanga, nami nilipewa kikombe. Ilikuwa tamu, na nilichukia kwamba ilikuwa tamu.

Nyumba ile haipo tena, na masanduku mjomba aliyauza. Lile fundo silijui. Nilikuwa natunga uzi tu, sikutazama mikono. Kwenye kichenpati bibi harusi aliichana karatasi yangu yenye mioyo kwa kucha, mshereheshaji akashangilia, na wafagiaji wakaisukuma nje pamoja na vijiti vya mishikaki. Hakuna aliyefanya kosa. Karatasi haina kwao, nani airudishe?

Lakini fungate yao ilipoisha nilijikuta nimeamka mapema, nimefagia baraza, nimevuta kiti. Nilikaa pale mpaka adhuhuri, mtu mzima na akili zangu, nikisikiliza kama kuna atakayepiga hodi.