Kidole cha Merle Haverkamp

Kwetu Iowa, Marekani, ukipishana na gari barabarani unainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, ndiyo salamu. Humjui mtu, unainua. Mmegombana juu ya mpaka, unainua vilevile. Merle Haverkamp, meneja wa benki yetu ya pale mjini Weller, alizidi wote. Hata akitembea kwa miguu kidole kilimponyoka.

Alianza benki akiwa karani kijana, akapanda hadi kiti cha meneja bila kujitia makuu. Kila asubuhi alikunywa kahawa mgahawani kwangu, meza ya dirishani, pamoja na Duane Tjaden, rafiki yake tangu shule, mkulima wa mahindi na nguruwe. Ni kwenye meza hiyo, nikiwamiminia kahawa, nilipomsikia Merle akimsukuma mwenzake akope, anunue shamba la jirani. Duane alisita. Merle akamuuliza anaogopa nini, na ardhi ya huku haijashuka bei tangu enzi za babu zao. Duane akakopa.

Ikashuka. Ilikuwa miaka ya themanini, riba imepaa, mahindi hayana bei, na wenye benki wakamwagiza Merle amnadishie Duane kila kitu. Alitia sahihi, kisha akaenda kumwambia mwenyewe. Alidhani ni heshima. Mimi mpaka leo sijui.

Siku ya mnada sisi kina mama wa kanisa la Kilutheri tuliuza pai na kahawa uani kwa Duane, kama ilivyo desturi. Watu wa benki hukaa mbali siku kama hizo, lakini Merle alikuja, akasimama nyuma kabisa. Ikafika zamu ya trekta la marehemu baba yake Duane. Majirani walikuwa wamekubaliana kimyakimya wasishindane na shemeji yake, ili alinunue limrudie mwenyewe. Hapo Duane akageuka, macho yake yakakutana na ya Merle.

Merle akainua kidole.

Dalali akakiona, akadhani anaongeza dau, akapandisha bei. Shemeji alikuwa ameishiwa, akatikisa kichwa, na trekta likawa la meneja wa benki. Merle angesema alikuwa anasalimia tu, nani angemwamini? Mimi nilimchukia papo hapo, na pai yangu mkononi.

Wiki iliyofuata aliliendesha hadi kwenye nyumba ya kupanga alikohamia Duane, ambaye sasa aliendesha basi la shule. Nilikuwepo, nimempelekea mkewe chakula.

"Sikuwa nanunua, Duane. Nilikuwa nakusalimia."

"Najua."

"Basi lichukue, ndugu yangu. Sitaki hata senti."

"Nikilichukua utalala usingizi," Duane akasema, wala hakupaza sauti. "Na mimi sitaki ulale, Merle. Rudi nalo."

Alirudi nalo. Tangu siku hiyo aliendesha gari mikono ikiwa chini ya usukani, na wageni wakasema ana maringo. Ni basi la shule tu aliloliinulia kidole, kila asubuhi, na Duane akatazama mbele kama hakuona kitu. Kila Jumamosi Merle alilisafisha lile trekta na kuliwasha. Kahawa yangu akaanza kuinywa amesimama kaunta. Siku moja nikamwambia ajisamehe, maana kidole kile kilikuwa bahati mbaya.

"Kidole ndiyo, Arlys," akanijibu. "Lakini ule mkopo nilimshauri kwa akili zangu timamu."

Moyo wake ulisimama majira ya baridi, akiwa anakwangua theluji mlangoni pa benki. Baada ya mazishi mjane wake alimpelekea Duane ufunguo wa trekta, na safari hii aliupokea. Alikuja mgahawani akaketi meza ya dirishani, ufunguo mbele yake, kahawa ikapoa bila kuguswa.

"Juzi tu tulipishana," akasema. "Aliinua. Ilinigharimu nini mimi kuinua?"

Nikaenda kufuta kaunta iliyokuwa safi.

Siku hizi Duane huinulia kidole kila gari analolikuta, hata lililoegeshwa lisilo na mtu ndani. Watoto kwenye basi wanamcheka sana. Naye anawaacha wacheke, na lingine likitokea mbele, anainua tena.