Kiriba Changu cha Kwenda kwa Warendile

Mmeniona nikionja maji ya mtungi kabla ya kuwamiminia, na mkaanza kutazamana. Haya, chekeni, lakini nitaisema mwenyewe kabla Rasoa hajatoka jikoni kuisema kwa niaba yangu, maana yeye akiisimulia husimama na kuigiza midomo ya watu, na mimi nikiiona ile midomo tena natamani kuingia chini ya meza. Mimi ndiye yule aliyelinywesha kanisa zima pale Ruiru maji yaliyolala ndani ya ngozi ya kiwandani. Aibu hiyo nimeibeba tangu miaka ya hamsini, ingawa kila nikiikumbuka huishia kumshukuru Mungu, na mtaona kwa nini.

Siku zile nilikuwa karani wa ghala katika kiwanda kimoja cha ngozi huko Thika, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni (moja haikuandika, lakini kifuniko chake kiling'aa), na kazi yangu ilikuwa kuandika ngozi zilizoletwa na lori kutoka kaskazini, za mbuzi, za ng'ombe, na mara mojamoja ya ngamia, ngumu kama mlango. Kila nikiigusa ile ya ngamia niliwaza nchi inakotoka, nchi ya Warendile, ambao madereva walisema huhama na nyumba zao zikiwa migongoni mwa ngamia. Mimi nilikuwa nimesafiri mara moja tu maishani, kwa treni, kutoka kwetu Magharibi kuja kazini, na safari yenyewe nililala usingizi.

Sasa, kule Ruiru kulikuwa na shamba la kahawa ambalo nyapara wake alikuwa Mzee Zakayo, mtu wa kwetu, mzee wa kanisa, na baba yake Rasoa. Kila Jumapili nilipanda baiskeli kutoka Thika hadi huko, nikidai napenda mahubiri. Mzee hakudanganyika. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mkewe, "Huyu karani ana mikono laini kuliko ya binti yangu. Atamlinda na nini, na kalamu?" Iliniuma, nyinyi! Kwa hiyo kiwandani ilipotangazwa kwamba lori la kwenda kununua ngozi kwa Warendile linahitaji karani wa kuandika mizani, nilinyoosha mkono kabla mzungu wa kiwanda hajamaliza kusema. Barua ya DC ya kuniruhusu kuingia kaskazini ikapatikana (bila hiyo hukuvuka Isiolo), na Mzee Zakayo aliposikia akanitazama kutoka kofia hadi viatu, akasema, "Vizuri. Jumapili ya kukuaga, nitasema neno langu mbele ya kanisa." Neno gani, kila mtu alijua. Rasoa alikimbilia nyuma ya nyumba, nami nikasahau baiskeli yangu nikaanza kwenda Thika kwa miguu.

Basi nikaanza kupanga safari. Nilinunua daftari zima kwa ajili ya orodha. Sanduku la bati, mwavuli, taa ya chemli, kiti cha kukunja (nilijiona nimekaa jangwani nikiandika, ngamia wakipita), buti za jeshi zilizonizidi mguu, sukari na tumbaku ya kuwapa wenyeji, Biblia, kioo cha kunyolea ndevu ambazo zilikuwa bado hazijaota vizuri. Dereva wetu, Mutiso, Mkamba mmoja mtaratibu aliyekuwa amekwenda huko mara mbili, akaja kuutazama mzigo wangu, akauzunguka kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Karani, wewe unahamia huko?"

"Ni vya lazima," nikamwambia. "Tukiondoa pipa moja la maji, vyote vitaingia."

"Pipa ya maji? Hiyo kiti beba kwa kichwa yako. Pipa zangu ni tatu na tatu itaenda."

Hapo ndipo ningenyamaza. Ningeacha kiti tu, na leo mngekuwa mnakunywa maji yenu kwa amani. Lakini nikasema, "Mutiso, Warendile hawana mapipa. Wana viriba vya ngozi. Na sisi tuna kiwanda kizima cha ngozi. Nitashona kiriba."

"Nani amekuambia wako na viriba?"

"Kila mtu anajua," nikasema. (Hakuna aliyekuwa ameniambia.)

Mutiso alikuna kidevu, akasema nikileta hiyo kiriba imejaa na haivuji hata tone, atashusha pipa moja.

Nikachagua ngozi ya mbuzi safi kabisa, ambayo ilikuwa imetolewa mashimoni juzi yake, nikaishona kwa uzi wa fundi viatu na kuziba mishono kwa nta, na msidhani najisifu, ilikuwa kazi nzuri. Njoroge aliyefanya kazi kwenye mashimo, kule ngozi zinakolazwa majuma mengi ndani ya maji ya maganda ya miti ya miwati ili zisioze, akapita akanikuta. Mikono yake ilikuwa ya kahawia hadi viwiko, na rangi hiyo haikutoka kwa sabuni yoyote.

"Karani, hiyo kitu tia maji kwanza, ukae nayo siku mbiri, harafu uonje."

Nami, na hapa naona aibu kuliko kote, nikamjibu kwamba hii ni safari ya kiserikali, si mambo ya mashimo. Njoroge akacheka kidogo, akaenda zake.

Jumamosi mchana nikajaza kiriba. Hakikuvuja. Mutiso akakizunguka pia, akakibonyeza, akashusha pipa la tatu, na kiti changu kikapanda. Jumapili asubuhi nikakifunga kiriba nyuma ya baiskeli na kwenda nacho Ruiru, kikitikisika njia nzima, kwa sababu nilitaka Mzee Zakayo akione.

Watu walikuwa wengi. Mutiso alikuja, hata Njoroge, ambaye, kwa kuwa Mkikuyu, siku hizo za hali ya hatari alilazimika kutafuta pasi ili afike hapo, kwa ajili yangu tu. Akina mama wa kwaya walivaa magauni meupe pe, na vitambaa vyeupe, Rasoa akiwa mstari wa mbele. Baada ya nyimbo Mzee Zakayo akasimama, nami, badala ya kuacha chai iletwe kama kawaida, nikaomba tunywe pamoja maji ya safari, kutoka kiriba changu. Wakapenda! Vikombe vya bati vikagawanywa, nikaanza kumimina.

Maji yalitoka mekundu ya kahawia, kama chai ya turungi, isiyo na maziwa, iliyokolea.

Ningesimama hapo. Moyo uliniambia simama. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na mama mmoja akauliza, "Kumbe umetupikia chai?" nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, "Hapana, mama, ndivyo Warendile wanavyokunywa. Ni dawa ya kuhifadhi." Upande wa nyuma Njoroge alisimama ghafla akisema, "Ngai fafa, msinywe," lakini alikuwa mbali, na kwaya ilikuwa imeanza kugonga vikombe.

Mzee Zakayo alikuwa na tabia moja, alipenda kukata sentensi katikati ili watu wavute pumzi. Akainua kikombe. "Mimi Zakayo, mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, kuhusu binti yangu Rasoa, nimeamua..." Akanyamaza, akapiga funda kubwa. Na kanisa zima, kwa heshima yake, likapiga funda naye.

Mmewahi kuuma ndizi mbichi na ganda lake? Mara kumi ya ukakasi huo. Midomo ya Mzee ilijikunja ikawa midogo kama kitovu cha mtoto. Alijaribu kumalizia neno lake, ulimi ukagoma, akatoa sauti ya "mm, mm," huku akininyooshea kidole. Kisha kwaya ikatema. Wote pamoja, kama walivyofundishwa kuimba. Yale magauni meupe! Rasoa akapiga kelele, "Mayi wee, gauni langu!" na akina mama wakakimbia kusugua, kumbe kila wakisugua doa linaenea, maana maji hayo kazi yake ndiyo hiyo, kushika na kutoachia. Mimi nilisimama katikati nimekikumbatia kiriba, kikinidondokea kwenye buti.

Wakaleta maji ya mtoni, watu wakasukutua. Mzee ulimi uliporudi, nilisubiri kufukuzwa. Akaniita karibu, akaniuliza polepole, "Kijana, hiki ndicho ulichokuwa unakwenda kukinywa jangwani?"

"Ndiyo, Mzee."

"Wewe peke yako?"

Nikamtazama Mutiso. Mutiso alikuwa ameinamisha kichwa, anaitazama mikono yake. "Sisi watatu, Mzee," nikasema, "mimi, Mutiso na mnunuzi wa ngozi. Pipa moja tumeshusha."

Mzee akasema, "Afadhali umetunywesha hapa, mto uko pale chini. Rudisha hilo pipa. Nenda, urudi, halafu tutaongea." Neno lake hakulimaliza, na mimi sikuthubutu kumkumbusha.

Jumatatu pipa la tatu likapanda na kiti kikabaki. Tukaenda. Kupita Marsabit, siku ya pili kwenye mawe matupu, ekseli ikakatika, na tukakaa hapo siku nne tukingoja gari lingine, jua likitupiga tangu asubuhi, radieta ikiwa imekwisha kumeza pipa moja njiani. Siku ya tatu ya kungoja, asubuhi, Mutiso akalifungua lile pipa la mwisho, akanipimia kikombe changu, akasema, "Kunywa, karani. Hii ndiyo kiti yako." Nililia, nawaambia ukweli, na sikuona haya. Warendile waliotukuta kesho yake na ngamia zao walibeba maji katika vyombo vilivyosukwa vizuri, vyenye harufu ya moshi. Kiriba sikuona hata kimoja.

Niliporudi Ruiru, Mutiso mwenyewe alikuwa amekwisha kumweleza Mzee Zakayo habari za pipa. Mzee alinikaribisha, akachota maji mtungini, akayaonja kwanza akinitazama, kisha akanipa kikombe. Nikanywa. Akasubiri nimalize.

"...nimeamua nikupe," akasema, kama aliyevuta pumzi moja tu tangu ile Jumapili.

Yale magauni hayakutakata kamwe. Njoroge ndiye aliyetuokoa, aliyachukua yote akayatia kwenye maji ya miwati mpaka yakawa ya kahawia kote sawasawa, na kwaya ile ikajulikana kwa rangi hiyo hadi Thika. Tangu hapo mtu wa mashimo akiniambia onja, naonja. Kwa hiyo shikeni vikombe vyenu, maji haya ni mazuri, nimeyajaribu.