Cha Juu cha Nyumba ya Mkunga

Mtaani walimwita Mama Funguo kwa sababu ungesikia funguo zake zikilia kabla hujamwona. Alikuwa dalali wa nyumba, mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu, mwenye ulimi uliomlisha vizuri tangu aache ushonaji. Angeweza kukuuzia chumba kisicho na dirisha ukaondoka unamshukuru kwa ubaridi wake.

Kazi yake ilikuwa na kanuni, na kanuni ziliandikwa nyuma ya leseni: dalali analipwa asilimia tano ya bei, basi. Cha juu marufuku. Cha juu ni pale mwenye nyumba anaposema, "Mimi nipe kiasi hiki, kitakachozidi ni chako," na dalali akauza kwa bei anayoijua yeye tu. Madalali wote walitundika leseni ukutani na wote walikula cha juu wakiwa wamekaa chini yake. Sheria ilikuwapo, ila ilikuwa imelala, na wahenga walishasema aliyelala usimwamshe.

Siku ya Jumanne aliitwa na mkunga mstaafu, mjane aliyetaka kuuza nyumba ahamie karibu na binti yake. Vyumba vitatu, sakafu inang'aa, bomba la jikoni linavuja kidogo.

"Mwanangu, wewe ndiye mjuzi," mkunga akasema. "Nyumba hii ni bei gani?"

Mama Funguo alijua fika kwamba tangu lami ipite nyuma ya ua ule, nyumba kama hiyo haishuki chini ya milioni sabini. Akajibu swali kwa swali.

"Kwani mama ungependa ngapi?"

"Nikishika arobaini, nyumba ndogo karibu na mwanangu naipata. Kitakachozidi kula wewe."

Alhamisi mnunuzi, fundi wa majokofu asiyependa maneno mengi, akatoa sabini bila kubishana. Thelathini nzima za cha juu. Mama Funguo alirudi nyumbani kama hagusi ardhi, akamsimulia mumewe aliyekuwa anamenya viazi.

"Si alisema mwenyewe?" mume akasema. "Hukumshikia panga."

"Alisema kwa sababu hajui."

"Basi mwambie ajue."

"Nikimwambia nabaki na tatu na nusu."

"Basi usimwambie. Lakini usinikodolee macho mimi, mimi namenya viazi."

Ijumaa asubuhi akapeleka fomu ya mauziano, sehemu ya bei ikiwa tupu, kama walaji wa cha juu wanavyofanya: muuzaji anasaini kwanza, tarakimu zinakuja baadaye. Mkunga akaipokea bila kuitazama, akashika kalamu.

"Nisaini wapi? Maandishi yenyewe madogo. Wewe ndiye macho yangu."

Kidole cha Mama Funguo kilifika kwenye mstari wa saini kikakwama. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto.

"Usisaini kwanza, mama. Nyumba imefika sabini, na ni zako. Mimi nachukua asilimia tano, kama leseni inavyosema."

Mkunga akaweka kalamu mezani. Tuseme ukweli, Mama Funguo alitegemea kukumbatiwa. Hata jibu la unyenyekevu alikuwa ameshaliandaa.

"Ulijua lini?"

"Mnunuzi alikuja jana."

"Sijakuuliza habari za mnunuzi."

"Jumanne, mama. Nikiwa nimekaa hapa hapa."

"Miaka thelathini na minne nimepima watoto," mkunga akasema, hata sauti hakupandisha. "Mzazi akiniuliza mwanawe ana kilo ngapi, namwambia kilo. Simuulizi angependa ngapi."

Mkunga akamsogezea fomu, akamwagiza ajaze bei mbele yake, kwa tarakimu na kwa maneno. Mama Funguo akaandika sabini. Kwa miaka kumi na tisa ya udalali, hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuijaza sehemu ile kabla ya saini.